Historia ya parishi ya Kanisa Kuu Anglikana, Mbeya: tuanzie wapi?

Mwandishi wa Kamati, Mbeya

Ndugu zangu, nawasalimu nyote katika Kristo, na kwa wazee wangu, shikamooni.

Halmashauri ya parishi yetu ya Kanisa Kuu hapa Mbeya imenikabidhi kazi ya kuandika kijitabu cha historia, ili watoto wanaoandaliwa kwa kipaimara wajue kanisa lao limetoka wapi. Nimekwama katika ukurasa wa kwanza. Baadhi ya wazee wanataka nianze na siku Dayosisi ya Nyanda za Juu Kusini ilipopata askofu wake na kanisa letu likapokea kiti cha askofu, yaani likawa Kanisa Kuu. Wengine wanataka nianze na ujenzi wa jengo. Mimi naona kwamba njia zote mbili zinawaacha nje watu waliosali hapa kabla ya kiti na kabla ya kuta, na wengi wao hawakubatizwa Mbeya. Mji wenyewe ulianza kukua miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, wakati majirani zetu Wamoraviani walikuwa wamekwisha kuweka makao Rungwe tangu mwaka 1891. Waanglikana walikuja mjini mmoja mmoja, wakiwa makarani, walimu, wauguzi na mafundi, wakakutana kusali kwa sababu walitambuana kwa nyimbo.

Jambo la pili linatoka kwa vijana. Wanauliza kwa nini sisi tunafukiza ubani, tunasema misa na tunamwita kasisi wetu padre, ilhali Waanglikana wenzetu waliohamia kutoka Dodoma hawakulelewa hivyo. Mama mmoja wa huko alinieleza kwamba Jumapili yake ya kwanza kwetu alitoka nje kusoma kibao upya, akihofu kwamba ameingia kanisa lisilo lake. Naomba mwenye kufahamu anielekeze.

Katibu Mstaafu, Njombe

Marahaba, mwanangu. Maswali yako mawili yana jibu moja, na jibu hilo liko ziwani. Usianze Mbeya, anza Ziwa Nyasa.

Imani yetu huku ililetwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyozaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Waanzilishi wake walipenda ibada yenye sakramenti mbele ya yote, mavazi, mishumaa na ubani, na ndivyo walivyofundisha Zanzibar, Masasi na pwani yote ya Nyasa. Dodoma ilipandwa na chama kingine cha misheni, CMS, kilichoweka mkazo katika mahubiri na usomaji wa Biblia, na mwaka 1927 dayosisi yao ilipata askofu wake wa kwanza, George Chambers, aliyetoka Australia. Kwa hiyo, yule mama na wewe ni watoto wa Kanisa moja mliolelewa na walezi wawili tofauti. Waeleze vijana hivyo bila kuonesha kwamba mmoja ni Mwanglikana zaidi ya mwenzake, kwa maana nimeona parishi zikigawanyika kwa ajili ya chetezo, chombo cha kufukizia ubani.

Upande wa ziwa, misheni iliweka makao yake kisiwani Likoma mwaka 1885, na kutoka huko wahubiri walikwenda kwa meli hadi vijiji vya upande wetu. Kasisi William Percival Johnson alizunguka mwambao ule kwa zaidi ya miaka arobaini, akafariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Hapa ndipo penye jambo ambalo waandishi wengi wa historia za parishi hulikosa: mpaka mwaka 1952 Waanglikana wa mwambao wa Tanganyika walikuwa chini ya askofu wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Mwaka huo ndipo ilipoundwa Dayosisi ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika, na Askofu Leslie Stradling akahamia kwetu kutoka Masasi. Ukitafuta barua za kiaskofu za kabla ya hapo katika ofisi za Njombe au Mbeya, utachoka bure. Misheni ya Vyuo Vikuu iliungana na SPG, chama kingine cha misheni cha Kianglikana, mwaka 1965, na kumbukumbu zake nyingi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Waandikie barua, ni wasikivu.

Mjukuu wa Katekista, Iringa

Naunga mkono maneno ya mzee, na ninaongeza jambo dogo. Kabla ya Oxford, fungueni masanduku ya bibi zenu. Bibi yangu alitoka mwambao kuja Iringa akiwa na kitabu cha sala cha Kinyanja kilichofungwa kwa kitambaa cha khanga, kwa sababu wazee wa ziwani walisali kwa lugha hiyo, ambayo Johnson aliitafsiria Biblia. Jalada limeliwa na mende, lakini ndani yake, kwa wino uliogeuka rangi ya chai, babu aliandika siku ya ubatizo ya kila mtoto, jina la msimamizi wake na kijiji. Watoto wanne wa kwanza wamebatizwa ziwani. Wa tano amebatizwa huku juu. Kati ya mstari wa nne na wa tano ndimo ilimo safari yote ya familia yetu, na hakuna daftari la ofisi linaloionesha wazi namna hiyo.

Mama wa Umoja, Mbeya

Ndugu Mwandishi, nakuomba usiandike maaskofu peke yao. Mimi niko katika Umoja wa Mama tangu nilipoolewa, na ninajua parishi ilivyojengwa. Iliinuliwa kwa mnada wa mavuno. Baada ya ibada tulitoka na kukaa uwanjani kwenye baridi ya mwezi wa sita, tukinadi viazi, maharage, ndizi za Tukuyu na kuku waliofungwa miguu. Kuku mmoja aliweza kuuzwa mara tatu, kwa kuwa kila aliyemnunua alimrudisha mezani anadiwe tena. Fedha hizo zilinunua mabati. Anayetaka kuandika historia ya paa aandike pia habari za kuku huyo.

Tuandike na mazishi. Mtu aliyefika Mbeya peke yake, ukoo wake wote ukiwa ziwani, alizikwa na nani? Alizikwa na jumuiya. Tulimwosha, tulipika, tulilala matangani, na nauli ya kuwaita ndugu zake tulichanga sisi.

Katibu Mstaafu, Njombe

Mama amesema kweli tupu. Naongeza tahadhari moja kuhusu masimulizi. Katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa na Askofu Edward Steere mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wageni huoneshwa nguzo karibu na birika la ubatizo na kuambiwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati askofu hayupo. Simulizi hilo limetunzwa kwa sababu limesimuliwa kama simulizi. Nawe ufanye vivyo hivyo: barua iitwe barua, na kumbukumbu ya mzee iitwe kumbukumbu yake, pamoja na siku uliyoisikia.

Mwandishi wa Kamati, Mbeya

Ahsanteni sana. Nimeamua kwamba ukurasa wa kwanza utaanzia mwambao, na kiti cha askofu kitasubiri sura ya nne. Mama, Jumapili baada ya misa nitakuja na daftari kukaa na akina mama, na ninakuomba uwaite hasa wale waliokuwapo wakati wa mabati. Dada wa Iringa, naomba unipigie picha ukurasa ule wenye mistari mitano, ikiwa familia itaridhia.