Naomba ushauri: kasuku wetu mdogo amejikunyata na mkia unapanda na kushuka anapopumua

Mkazi wa Kihonda

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naishi Morogoro, na wiki tano zilizopita nilimnunulia binti yangu wa miaka tisa kasuku mdogo wa Australia, wa kijani mwenye kichwa cha njano, ambaye binti amempa jina la Limau. Muuzaji alinihakikishia kwamba ndege huyu hahitaji zaidi ya uwele na maji, na mwanzoni nilimwamini, kwa sababu Limau alikuwa akipiga kelele tangu alfajiri na kupanda waya za tundu kwa mdomo.

Tangu Jumamosi amebadilika. Amejikunyata na kufumua manyoya, anasinzia mchana kutwa, kinyesi kimekuwa cha majimaji, na kila anapopumua mkia wake unapanda na kushuka. Tundu tumelitundika jikoni, kwa kuwa ndiko familia inakokaa muda mwingi, na chakula hakijawahi kupungua kibakulini. Jirani anayefuga kuku ananishauri nimtilie majini dawa ya unga ya antibiotiki. Binti yangu haondoki mbele ya tundu. Nianze na lipi?

Mfuga Kuku

Jirani yako amekushauri vyema. Mimi huwapa kuku wangu dawa hiyo kila wanapokoroma, nao hupona. Kwa ndege mdogo tia ncha ya kijiko tu.

Mama wa Ndege, Tanga

Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie binti pole zangu. Naomba kwanza usimpe dawa hiyo. Kasuku huyu ana uzito wa gramu 30 hadi 40 hivi, hunywa maji kidogo mno kwa siku, na maji yakiwa machungu huacha kunywa kabisa. Kwa hiyo hutajua amepata kiasi gani, na unaweza kumwongezea kiu juu ya ugonjwa. Nayasema haya kwa uchungu, maana mwaka juzi nilifanya hivyo hivyo nikampoteza ndege niliyekuwa naye kwa miaka sita.

Pili, mtoe jikoni sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ujumbe huu. Pumzi ya ndege si kama yetu. Hewa hupita kwenye mapafu yake kuelekea upande mmoja, ikisukumwa na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, kiasi kwamba hunyonya oksijeni vizuri kuliko sisi, na kwa njia hiyo hiyo hunyonya sumu haraka kuliko sisi. Moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kupuliza, udi na manukato vyote humdhuru. Kikaango kile chenye utando usioshika chakula kikiachwa motoni mpaka kikapitiliza joto hutoa mvuke unaoweza kumuua ndege kwa dakika chache, ilhali watu waliomo humo jikoni hawajahisi lolote.

Tatu, kipulize kibakuli chake cha chakula. Kasuku humenya kila punje na kuliacha ganda humo humo, hivyo kibakuli huonekana kimejaa kumbe ni maganda matupu. Nimekutana na ndege wengi waliokonda kwa njaa mbele ya wenyewe waliodhani wanakula.

Kisha mtafutie joto. Funika pande tatu za tundu kwa shuka, uweke balbu ya kulelea vifaranga nje ya upande mmoja, ili akizidiwa na joto asogee upande wa pili. Umeme ukikatika, tumia chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo; jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa. Na kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo. Uko Morogoro, mji wenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, bahati ambayo wengi wetu hatunayo. Mkia unaocheza namna hiyo maana yake anahangaika kupata hewa, na kasuku huficha udhaifu wake mpaka nguvu zimwishie, kwa hiyo huenda alianza kuumwa siku nyingi kabla ya hiyo Jumamosi.

Mfuga Kuku

Nimesoma na nimeelewa, mama. Nafuta ushauri wangu, ndugu, usiufuate.

Mkazi wa Kihonda

Ahsanteni sana. Nimekipuliza kibakuli na maganda yakaruka yote; chini zilibaki punje chache tu, na nimeumia kuona hivyo. Daktari amempima akakuta gramu 27. Ameona maambukizi ya njia ya hewa, akampa dawa ya kudondoshea mdomoni kwa kipimo chake, na amesisitiza asirudi jikoni. Leo ni siku ya nne: mkia umetulia, na asubuhi amelia mara mbili. Je, nianze kumpa mboga? Na binti anaomba tumnunulie mwenzake.

Mkaaji wa Bagamoyo

Namshukuru Mungu kwa habari hiyo. Mboga zianze polepole, na uwele usimwondolee hata siku moja wakati huu anaporudisha mwili, kwa maana ndege mgonjwa asiyetambua chakula kipya hukaa na njaa. Ni kweli kwamba mbegu peke yake hazimtoshi: zina mafuta na hazina vitamini A ya kutosha, na upungufu huo hudhoofisha utando wa pua na koo, ndiyo maana magonjwa ya hewa huwapata wepesi. Akipata nguvu, funga jani la sukuma wiki lenye maji kwenye waya karibu na anapokaa, au umparuzie karoti. Atalikwepa wiki nzima, kisha siku moja atalionja, usikate tamaa. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake, na chumvi asipewe.

Kwa ajili ya madini, huku kwetu tunaokota ufukweni ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi. Uloweke katika maji baridi kwa siku kadhaa ukiyabadilisha, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha ufunge kwenye tundu.

Kuhusu mwenzake, kasuku hawa huishi kwa makundi na upweke huwachosha, kwa hiyo ombi la binti ni zuri. Ila msinunue mpaka Limau amalize dawa na kurudi gramu 30 na zaidi. Mgeni naye akae chumba kingine kwa siku 30 au zaidi, na vyombo vyake vioshwe mbali na vya Limau. Katika muda huo binti amhudumie Limau kwanza, anawe mikono, ndipo aende kwa mgeni.

Mkazi wa Kihonda

Nimemsomea binti ujumbe huu wote. Ameanza kuchora kalenda ya siku 30, na ameniomba nikate tawi la mpera uani tumwekee Limau badala ya kile kijiti cha plastiki.