Tupeane uzoefu: Linux iko kwenye diski ya nje, kompyuta imegoma kuwaka

Fundi wa Kikwajuni (mwenye mada)
Assalaam alaykum wanajamvi. Naanza mimi, maana yangu yalimkuta dada.

Niliazima laptopu yake, ile anayofanyia hesabu za nyumba ya wageni Jambiani, nikachomeka diski yangu ya nje nikaweka Ubuntu (aina ya Linux). Pale panapoulizwa GRUB (programu inayoiamsha Linux mashine ikiwashwa) ikae wapi nilichagua diski ya nje, naapa. Ikawaka vizuri, nikachomoa, nikamrejeshea laptopu yake na ahsante nyingi. Asubuhi simu: "We kaka, umenifanya nini? Kioo cheusi, kimeandikwa grub tu, na wageni wanataka risiti!"

Kumbe kisakinishi kile cha Ubuntu kilikuwa na ugonjwa wa siku nyingi. Kwenye mashine ya UEFI (mfumo wa kuwashia uliorithi BIOS ya zamani) hakikujali ulichochagua: GRUB kiliitia kwenye kile kipande kidogo cha EFI cha diski ya ndani, panapokaa programu za kuwashia. Dada anawasha, GRUB inaamka, inatafuta faili zake, na faili ziko mfukoni mwangu huku Mjini. Windows yake haikuguswa. Nikamwambia azime, awashe huku anabonyeza F9 (yake ni HP, nyengine huwa F12), achague Windows Boot Manager. Ikafunguka, akapoa kidogo.

Ijumaa nikaenda mwenyewe. Mwishoni mwa diski yangu nilikuwa na nafasi tupu, nikaifanya kipande cha FAT32 cha MB 300, nikakipa alama ya esp, yaani kipande cha EFI. Nikabadilisha mstari wa /boot/efi ndani ya /etc/fstab (orodha ya vipande vya kufunguliwa mashine ikiwaka) ufuate UUID mpya, yaani namba ya utambulisho ya kipande, nikakifunga kile cha zamani kwa umount /boot/efi, nikaandika mount /boot/efi, kisha:

sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Halafu kwa amri ya efibootmgr nikaifuta ile "ubuntu" iliyobaki kwenye orodha ya kuwashia ya laptopu yake. Tazameni namba mara mbili kabla ya kufuta, msije mkaifuta Windows ya watu.

Mpemba wa Wete
Yakhe, hiyo --removable laiti ningeijua mapema! Diski yangu nyumbani inawaka, nikifika nayo kazini Chake haionekani hata kwenye orodha. Nikasema kasha la diski bovu, nikanunua jengine. Hola. GRUB ilikuwemo kwenye diski, lakini ndani ya EFI/ubuntu, na njia ya kuifikia ilikuwa imeandikwa kwenye kumbukumbu ya mashine ya nyumbani peke yake. Mashine ngeni hutazama EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, na kwangu hapakuwa na kitu; --removable ndiyo huiweka GRUB hapo. Pesa ya kasha ndiyo imeshakwenda.

Bint Bububu
Yangu haikuwa GRUB. Umeme ulikatika nikiwa kazini na kompyuta ya mezani, uliporudi nikakuta (initramfs), yaani Linux imekwama katikati ya kuwaka, na alama ya kusubiri. Nikaandika fsck -y /dev/sdb2 (amri ya kukagua na kutengeneza kipande cha diski), kisha exit, ikaamka. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 tulipaswa kuwa na adabu ya kuzima kabla hatujazimiwa, lakini wapi.

Iliyonitesa ni nyengine. Kila baada ya siku mbili inaniambia UUID haipo. Nikaongeza rootdelay=15 (isubiri diski sekunde 15) kwenye mstari wa linux wa GRUB, ikapona nusu: leo inawaka, kesho haiwaki. Wiki nzima nasoma kurasa za watu. Siku moja namulika tochi tundu la USB la mbele, limeota ukijani. Nyumba yetu na pwani ni pua na mdomo, upepo wa chumvi unaingia mpaka kwenye kabati. Nikahamia tundu la nyuma, na rootdelay nikaiondoa.

Mzee Darajani
Mimi nafungua parafujo, naichomoa diski ya ndani, ndipo nasakinisha. GRUB haina nyumba nyengine ya kukosea.

Fundi wa Kikwajuni
Maalim, na zile ambazo hifadhi imechomelewa kwenye bodi? Lakini kama inachomoka, hiyo ya kwako inashinda yangu yote.

Kijana wa Mkoani
Mimi bado nimekwama jamani. Mashine ya zamani, BIOS. "error: no such device", kisha grub rescue>. Diski imechomekwa.

Fundi wa Kikwajuni
Andika ls, uone inataja diski zipi (hd0, hd1). Ikitaja hd1, jaribu ls (hd1,msdos1)/boot/grub. Ukiona faili, andika set prefix=(hd1,msdos1)/boot/grub, kisha insmod normal, kisha normal. Ukishaingia, sudo grub-install uielekeze kwenye diski ya nje yenyewe.

Kijana wa Mkoani
Imetaja hd0 tu na vipande vyake.

Fundi wa Kikwajuni
Basi diski haijaonekana kabisa, GRUB haina kosa. Umeichomeka moja kwa moja?

Kijana wa Mkoani
Kwenye habu (kile kigawanya matundu ya USB), pamoja na kipanya na feni ndogo.

Bint Bububu
Feni inakula umeme wa diski! Toa habu mwanangu.

Kijana wa Mkoani
Imewaka.