Riali 325: gumzo la kikundi cha ukoo, Wete

Khamis (Kiwengwa): Assalaam alaykum wazee wangu. Kuna dalali kaniletea kazi ya ghala Muscat. Anasema kwa sheria ya Oman kima cha chini ni riali 325, tajiri hawezi kunipa chini ya hapo. Nimezigeuza, zinakuja kama milioni mbili!!

Shangazi Asha (Wete): Waalaykum salaam mwanangu. Milioni mbili? Na huko hotelini unapata ngapi vile?

Khamis: Kile kima cha chini cha Zanzibar kilichopandishwa Aprili 2024, 347,000. Chumba elfu 80, umeme wangu, nauli yangu. Ikifika tarehe 15 nishaandikwa kwenye daftari la duka.

Salim (Dar): Unaandikwa peke yako? 😂

Ami Seif (Doha): Khamis, hiyo 325 ipo kweli, tangu 2013. Lakini ni ya Muomani. Mgeni hamo. Mgeni hulipwa alichosaini.

Khamis: Dalali hakuniambia hilo ami.

Ami Seif: Atakwambiaje na yeye anangojea chake? Huku Qatar ndiko sheria inamshika kila mtu, mwenyeji na mgeni, tangu Machi 2021. Riali 1,000 za huku kwa mwezi. Tajiri asipokupa pa kulala aongeze 500, asipokulisha aongeze 300.

Khamis: Hiyo 1,000 ngapi kwetu?

Ami Seif: Kama laki saba hivi. Mie nalala kambini, tupo sita chumba kimoja, mmoja anakoroma mpaka kitanda cha chuma kinaitika. Hiyo 500 siioni. Lakini kodi silipi, wali wa jioni sinunui, ndiyo maana kila mwezi mnapata kitu.

Shangazi Asha: Allah akuzidishie.

Bi Zuwena (London): Na mie msinipigie hesabu kwa shilingi tafadhali. Nawajua nyie.

Salim: Tushapiga dada. Uingereza Aprili 2025 kima cha chini kilipanda kikawa pauni 12.21 kwa saa, kwa aliyetimia miaka 21. Karibu elfu arubaini za kwetu. Wewe kazi ya saa tisa tu ushamaliza mwezi mzima wa Khamis.

Bi Zuwena: Haya, endelea basi. Chumba kimoja, jiko tunashirikiana watu wanne, pauni 750. Treni. Kodi ya serikali wanakata kabla sijaiona. Nikila samaki mbichi mara moja kwa mwezi nashukuru, na nyie mnanitumia picha za changu wa kuchoma.

Shangazi Asha: Changu wenyewe siku hizi hawakamatiki kwa bei, usione picha.

Mwinyi (Mombasa): Hapa kwetu kima cha chini cha kibarua wa kawaida mjini Novemba 2024 kilipanda kikawa 16,113 kwa mwezi. Kwa pesa yenu laki tatu na kidogo. Sawasawa na Khamis tu. Uganda ndiyo usiseme, sheria yao bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, ya 1984.

Salim: 6,000 ya Uganda ni sahani ya chipsi tu! Huku Bara kima cha chini cha serikalini Julai 2025 kilitoka 370,000 kikawa 500,000. Mie nipo kampuni ya mtu, kwa hivyo nilipiga makofi tu.

Ami Seif: Khamis, wachana na 325. Muulize dalali mambo haya: mshahara wenyewe ngapi, nalala wapi, nakula kwa nani, viza na tiketi ya kwenda na kurudi juu ya nani. Akuandikie kwenye mkataba, si kwa sauti ya simu. Na pasi yako ya kusafiria ukifika usimpe mtu akuwekee.

Shangazi Asha: Na usimpe dalali hata shilingi kabla hujauona huo mkataba.

Khamis: Namuuliza sasa hivi.

Mwinyi: Tupo.

Khamis: Kajibu. Riali 90. Kulala kwao, chakula juu yangu, tiketi nitakatwa mshahara miezi mitatu.

Bi Zuwena: Na 325 yake?

Khamis: Anasema hiyo ni "baadaye nikizoea".

Salim: 😂😂😂

Ami Seif: Mwambie akazoee yeye.

Shangazi Asha: Basi Khamis, likizo yako panda boti uje Pemba. Karafuu za babu yako zimeiva na wachumaji hawapatikani. Nakulipa kwa pishi kama wenzako, kulala hapa, chakula juu yangu.

Khamis: Nauli ya boti?

Shangazi Asha: Kuja juu yako, kurudi juu yangu. Na hivyo nimeandika, wote wameona.