Tupeane uzoefu: siku uliyobaki kwenye benchi wenzako wakienda kukomunika

Besi ya Kwaya: Wakuu, jana misa ya pili dada mmoja wa kwaya yetu hakupanda kukomunika, yaani kupokea Komunyo. Kufika jioni gengeni wameshahukumu: ama ana mimba, ama kahamia kwa mwanaume. Hakuna aliyewaza kwamba labda alikunywa chai akavunja mfungo wa kabla ya Komunyo. Nyie yamewakuta yapi? Wa Komunyo, wa Chakula cha Bwana, wa Meza ya Bwana, wote mwageni hapa.

Mzee wa Bahasha: Kwetu hata mimba haihitajiki. Mwaka ule sikumaliza ahadi ya jengo, jina likabandikwa ubaoni. Nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Chakula ni cha Bwana lakini daftari analo mhazini.

Neema_tu: Kweli tupu.

Mtoto wa Mseto: Mmenitonesha. Mama yangu ni wa Kilema, kwenye misheni ya siku nyingi, ukoo mzima rozari shingoni. Baba Mlutheri wa Machame. Mababu wakagoma pande zote: hakuna kuhama dhehebu, basi hakuna ndoa. Wakaanza kuishi tu bila ndoa ya kanisa. Miaka yote nakua, mama hakosi jumuiya, Jumamosi alfajiri keshatoka, kwenye misiba yeye ndiye wa sufuria, ila Komunyo hapokei. Siku ya Komunyo yangu ya Kwanza wazazi wa wenzangu wote walipanda na watoto wao. Mama alikunja miguu ili wapite. Watoto wakaniuliza mama yako ana dhambi gani.

Baba akaugua ini. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mkali huyo, akaja akauliza: nani aliwaambia lazima baba ahame? Kibali cha askofu kinatosha, kila mtu anabaki na kanisa lake. Miaka yote hiyo hakuna aliyetuambia!

Padre akaja nyumbani. Kitanda cha baba tumekihamishia sebuleni, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Padre anafungua kitabu, mjomba akasimama: "Samahani Padre, mahari haijaisha." Jamani! Mtu anapumua kwa shida, wewe unadai mbuzi! Mwenyekiti akavua kilemba, akakipitisha kama kapu la sadaka, akina mama wakafungua mafundo ya kanga. Mjomba akahesabiwa hadharani, akaketi. Pete tuliazima kwa jirani. Baba akaitika "ndiyo" kabla hajaulizwa.

Mama akapokea Komunyo. Baba akauliza, "Na mimi je?" Padre akamwekea mkono kichwani, akambariki tu. Kesho yake mchungaji wake akaleta Chakula cha Bwana, ikawa zamu ya mama kukaa pembeni. Wiki ile ile tukazika.

Mangi wa Mwika: Pole sana dada. Ila huyo mjomba alidai mbuzi wangapi?

Mtoto wa Mseto: Alipewa hela. Mpaka leo analalamika zilikuwa sarafu tupu.

Nyundo: Padre alikosea. Mtu akiwa hatarini kufa, Kanuni 844 ya sheria za Kanisa Katoliki inaruhusu Mprotestanti apewe.

Katekista Mstaafu: Isome yote kijana. Aombe mwenyewe, aiamini Ekaristi kama tunavyoiamini, tena awe hawezi kumpata mchungaji wake. Huyu alipatikana kesho yake.

Nyundo: Kwa mgonjwa wa hali ile kesho ni mbali, mzee wangu.

Katekista Mstaafu: Nimefundisha kipaimara kabla hujazaliwa.

Neema_tu: Haya, wameanza.

Msabato Mpole: Kwetu ni kila robo mwaka, na kabla ya mkate na juisi ya zabibu tunaoshana miguu. Jirani niliyegombana naye mpaka wa shamba alinifuata mwenyewe na beseni. Watu wote wametukodolea macho. Nikatoa miguu, ningefanyaje? Mpaka wenyewe bado hatujaelewana.

Mangi wa Mwika: Beseni halipimi ardhi, ita mjumbe.

Mama Pacha: Turudi kwenye chai. Bibi yangu hakunywa hata maji toka usiku wa manane. Maji yaliruhusiwa enzi za Papa Pius XII, sasa kukaa bila chakula ni kwa muda wa saa moja tu, na inahesabiwa kabla ya Komunyo, siyo kabla ya misa. Paroko wenu akihubiri kama wetu, kunywa chai yako langoni, muda utatimia tu.

Katekista Mstaafu: Hili nalo si la kufanyia utani.

Mama Pacha: Shikamoo Katekista.

Besi ya Kwaya: Sasa yule dada nimwambie nini?

Mzee wa Bahasha: Usimwambie kitu. Kaa karibu naye.

Nyundo: Mpeleke kwa paroko.

Mama Pacha: Jumapili na wewe baki kwenye benchi, gengeni wapate kazi mbili.

Mangi wa Mwika: Muoe.

Besi ya Kwaya: Nina mke, naye ni sauti ya kwanza.

Neema_tu: Basi usibaki kwenye benchi.