Mrejesho: utando wa seramiki unaopitisha protoni

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini utando wangu wa bariamu zirkoneti yenye itriamu (ndiyo seramiki yenyewe) unapasuka na kupitisha protoni, yaani viini vya hidrojeni, kidogo mno. Mlisema napaka tabaka nene kwa mkupuo mmoja. Kweli. Sasa napaka jembamba, nakausha polepole, nachoma, narudia. Nyufa zimekwisha.

Kilichonitesa zaidi ni bariamu: kwenye nyuzi 1600 za Selsiasi nilizokuwa nachomea inatoroka kama mvuke. Nimefukia sampuli ndani ya unga wa aina ileile na kuongeza oksidi ya nikeli kidogo. Sasa nyuzi 1400 zinatosha kushikamanisha chembe za utando ziwe kitu kimoja kigumu.

Halafu, aibu yangu: nilikuwa napima kwenye gesi kavu! Bila mvuke wa maji, protoni zingetoka wapi? Nimeilowesha gesi, ukinzani umeshuka sana.