Naomba ushauri: michoro au picha za kamera kwenye maonyesho ya vita?

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia sekondari, na naandaa maonyesho madogo ukumbini kuhusu raia wakati wa vita. Nimekwama kwenye kuchagua picha.

Nina michoro ya Goya, Mhispania aliyeanza kuchora vita dhidi ya majeshi ya Napoleon mwaka 1810. Ilichapishwa 1863, miaka 35 baada ya kifo chake. Mmoja una watu wanakimbia: mama anamvuta mtoto, padri kakumbatia mfuko wa fedha. Chini kaandika, "Niliona hili." Ule mfuko unaniumiza kila nikiutazama.

Halafu kuna picha inayotajwa kuwa ya mpiga picha Nick Ut, Vietnam, Juni 1972: msichana anakimbia uchi barabarani, kaungua kwa napalm, yale mafuta mazito ya mabomu ya moto. Hapo hakuna wa kubisha kwamba haikutokea. Ila kamera nayo si ya kuaminiwa tu. Mpiga picha Roger Fenton alipiga picha bonde moja kwenye vita vya Crimea mwaka 1855 mara mbili, picha moja ina risasi za mizinga barabarani na nyingine barabara ni tupu. Mpaka leo watu wanabishana kama alizipanga.

Naegemea michoro, maana baadhi ya wanafunzi wangu familia zao zilikimbia mapigano ya Kivu. Lakini naogopa wengine wataona ni hadithi tu.

Walimu wenzangu, picha ya yule msichana niibandike? Kwa kidato cha pili inafaa? Na mliowahi kuonyesha picha kama hizi, mliwaandaaje watoto kabla?