Kwa nini kampuni mama huikopesha kampuni tanzu badala ya kununua hisa zake?

MkaguziChipukizi: Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninapitia hesabu za kampuni moja hapa Tanzania inayomilikiwa na wageni kwa asilimia 100. Mtaji wake wa hisa ni mdogo sana, ilhali deni lake kwa kampuni mama ni kubwa mno. Naomba kueleweshwa: mwenye mali anapata nini kwa kujikopesha mwenyewe, na sheria inasemaje?

Bi Hesabu: Ndugu yangu, siri imo katika tofauti ya riba na gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Riba huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, ilhali gawio hutoka katika kile kinachobaki baada ya kodi. Chukulia faida kabla ya riba ni shilingi bilioni 10. Pasipo deni, kampuni hulipa asilimia 30, yaani bilioni 3, kisha gawio la bilioni 7 hukatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa malipo yanapofanyika, ya asilimia 10, na Serikali hupata jumla ya bilioni 3.7. Sasa tuseme kampuni mama inadai riba ya bilioni 8, na yote inakubalika. Kodi ya mapato inashuka hadi milioni 600, zuio la riba ni milioni 800, na zuio la gawio ni milioni 140. Jumla ni bilioni 1.54. Biashara ni ileile na mwenye mali ni yuleyule, lakini zaidi ya bilioni 2 hazikufika hazina, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwanasheria wa Kodi: Bi Hesabu ameeleza vyema, ila si riba yote inayokubalika. Kampuni ambayo wasio wakaazi wanamiliki asilimia 25 au zaidi haiwezi kudai riba ya deni linalovuka uwiano wa 70 kwa 30 kati ya deni na mtaji. Kenya iliacha uwiano wa 3 kwa 1, na tangu Januari 2022 inapima riba yenyewe, isizidi asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Mimi naipendelea njia hiyo, kwa kuwa uwiano wa deni peke yake haugusi kiwango cha riba.

MkaguziChipukizi: Nashukuru sana. Je, kiwango hicho hupingwa vipi?

Bi Hesabu: Tazama shauri la Chevron, kampuni ya mafuta ya Marekani, nchini Australia. Kampuni tanzu ya Chevron Australia, iliyosajiliwa katika jimbo la Delaware, ilikopa katika soko la Marekani kwa riba ya takriban asilimia 1.2, kisha ikaikopesha Chevron Australia yenyewe kwa takriban asilimia 9, na faida ikarudi Australia kama gawio lisilotozwa kodi. Mwaka 2017 Mahakama ya Shirikisho iliipa ushindi mamlaka ya kodi, kwa hoja kwamba kampuni tanzu ya kundi kubwa namna hiyo, ikienda kukopa kwa mtu baki, ingetarajiwa kuwa na dhamana ya kampuni mama na kupata riba nafuu zaidi. Kwa hiyo omba mkataba wa mkopo, angalia dhamana iliyowekwa, kisha linganisha riba hiyo na ile ambayo kundi lenyewe hulipa benki.